Mlipaji wa Utafiti Ajulikane

Wahenga walisema kesi ya nyani usimpelekee ngedere. Methali hiyo huwahusu mahakimu na wazee wa baraza, lakini inawahusu vilevile wanasayansi na wahariri wa majarida yao. Kwani jarida la kitaaluma nalo ni baraza. Mtafiti hupeleka makala yake, wataalamu wenzake huisoma na kuipima, kisha mhariri huamua ichapishwe au irudishwe. Ikishachapishwa, madaktari wa nchi za mbali, wasio na fedha wala vyombo vya kuurudia utafiti huo, huitegemea katika kuwashauri wagonjwa wao.

Kisa cha sukari nchini Marekani chaonyesha jinsi baraza hilo linavyoweza kuingiliwa.

Katika miaka ya 1960 wataalamu walikuwa wakibishana juu ya chanzo cha maradhi ya moyo. Baadhi yao, kama vile John Yudkin wa Uingereza, waliishuku sukari. Wengine, kama Ancel Keys wa Marekani, waliyalaumu mafuta. Mwaka 1965 chama cha wenye biashara ya sukari, Sugar Research Foundation, kiliamua kugharamia tathmini ya tafiti hizo, ifanywe na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard. Malipo yalifikia dola 6,500. Chama hicho ndicho kilichoeleza shabaha ya kazi, ndicho kilichopeleka baadhi ya makala za kuchunguzwa, na ndicho kilichoonyeshwa rasimu kabla haijachapishwa.

Tathmini hiyo ilitoka mwaka 1967 katika jarida la New England Journal of Medicine. Ilipunguza uzito wa ushahidi uliokuwapo dhidi ya sukari, ikaelekeza lawama kwenye mafuta. Wafadhili wengine wa wataalamu hao walitajwa. Wenye sukari hawakutajwa.

Siri hiyo ilifichuka mwaka 2016, baada ya watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, kuzisoma barua za zamani zilizohifadhiwa katika maktaba. Njia ya mwongo ni fupi, lakini njia ya aliyenyamaza ilichukua miaka 49.

Wapo waliowatetea wataalamu hao. Walisema kwamba wakati ule kutangaza wafadhili haikuwa desturi, na ni kweli kwamba jarida hilo lilianza kudai jambo hilo mwaka 1984. Tena, kuyahusisha mafuta ya wanyama na maradhi ya moyo si uzushi. Hata hivyo, utetezi huo haugusi kiini cha jambo. Msomaji wa mwaka 1967 alinyimwa habari ambayo ingemwezesha kuipima hukumu aliyopewa. Hakujua kwamba mshtakiwa ndiye aliyemlipa hakimu.

Wala kanuni peke yake haitoshi. Mwaka 2015 ilidhihirika kwamba kampuni ya Coca-Cola ilikuwa imekifadhili kikundi cha wanasayansi waliosisitiza mazoezi ya mwili kuwa dawa ya unene, huku wakipunguza umuhimu wa chakula na vinywaji. Kikundi hicho kilivunjwa mwishoni mwa mwaka huo huo. Na majarida yenyewe hayako nje ya lawama, kwa kuwa baadhi yao hupata fedha kutokana na matangazo ya makampuni ya dawa, na kwa kuyauzia makampuni hayo nakala za makala zinazozisifu dawa zao.

Jambo hili si la Marekani pekee. Soda na chai yenye sukari nyingi zimeenea Afrika ya Mashariki, na ugonjwa wa kisukari unaongezeka. Ushauri anaopewa mgonjwa wa Kampala, Bujumbura au Dodoma una asili yake katika kurasa za majarida hayo.

Hapana budi kusema kwamba kupokea fedha si kosa. Utafiti una gharama, na mkono mtupu haulambwi. Kosa ni kuficha mkono uliotoa. Kwa hiyo vyuo vikuu vinapaswa kudai kila mtafiti amtaje mfadhili wake na kueleza mfadhili huyo aliruhusiwa kuamua nini. Wahariri nao watangaze maslahi yao kama wanavyowadai waandishi. Na mtaalamu mwenye maslahi katika shauri, asiketi kulihukumu.