Bwami ya Warega na Ulinzi wa Ada za Kale Katika Shabunda



Nchi ya Warega, iliyotanda mashariki ya Kongo katika misitu ya Shabunda na Mwenga hata kufika Pangi upande wa Maniema, haikupata kuwa na wafalme kama jirani zetu wa Bushi, na kwa hiyo yeyote aulizaye ni nani aliyezihifadhi ada zake, hana budi kuitazama Bwami, chama kile cha madaraja ambacho mtu hupanda kwa kufundishwa, kwa kutoa mali iliyochangwa na jamaa zake, na kwa kushuhudiwa murua wake, kuanzia Kongabulumbu hata Yananio na Kindi. Na wake nao wana ngazi zao, na ya juu kabisa ni Bunyamwa.

Serikali ya Wabelgiji ilikipiga marufuku chama hiki mwaka 1948, ikikiona ni hatari kwa utawala wake. Vinyago vya Bwami na sanamu zake za pembe zilitawanyika, na nyingi leo zimo katika makumbusho ya Tervuren huko Ubelgiji na mengineyo ya Ulaya na Marekani. Hata hivyo mwanaanthropolojia Daniel Biebuyck, aliyefanya utafiti huko Urega katika miaka ya 1950, alizikuta sherehe zikiendelea, akaandika habari zake katika kitabu kilichotoka mwaka 1973.

Bwami ilisalimika kwa sababu gani? Tutazame lukwakongo, kinyago kidogo cha mti, uso wake umepakwa udongo mweupe, na kidevuni kina ndevu ndefu za nyuzi. Mwenye daraja la Yananio hakivai usoni tu. Hukishika mkononi, hukifunga kwenye ua pamoja na vya wenzake, hukiburuta chini kwa ndevu zake, na kwa kila tendo huimbwa msemo wake, nao ndio unaomfunza mwanafunzi adabu ya kuishi na watu. Mwenyewe akifa, kinyago hukabidhiwa jamaa yake aliyestahili. Elimu yenyewe imo vifuani mwa watu, na askari wa mkoloni hakuweza kuitia sandukuni.

Lakini hapo hapo ndipo ilipo hatari ya leo, nami naiona ni kubwa kupita ile ya mwaka 1948. Vita vilivyoanza mwaka 1996 viliwatoa wazee vijijini mwao. Dhahabu na kasiteriti huwaita vijana mashimoni katika umri uleule ambao zamani walikaa karibu na baba zao wadogo na wajomba wakisikiliza. Na barabara ya kutoka Bukavu ni mbovu, hata aliye mjini haendi kwa wazee kwa urahisi. Silsila ikikatika kwa kizazi kimoja, kinyago kitabaki mti mtupu, kiwe Tervuren au kiwe Shabunda.

Dola yetu ilijitahidi, pamoja na ndugu zetu wa Brazzaville, hata rumba ikaorodheshwa na UNESCO kuwa urithi wa binadamu mwaka 2021. Nasihi yangu ni kwamba bidii kama ile ifike Urega: misemo inakiliwe kwa Kirega, kwa idhini ya wazee na bila kuzifichua siri zao, makumbusho ya ng'ambo yatuletee nakala za picha na maandishi yaliyomo humo, na walimu wa Shabunda wawakaribishe wazee madarasani, wakati wangali hai.