Hisa za Marehemu, Mafao ya Mstaafu



Ndugu wapendwa, wenyeviti wa jumuiya ndogo ndogo, wajumbe wa halmashauri za walei, na ninyi nyote mliofika hapa Songea kutoka parokia za mbali. Tumeombwa tuzungumze juu ya uchumi, na bila shaka baadhi yenu mnajiuliza padre ana habari gani za soko la hisa. Mna haki ya kujiuliza. Basi tuanze na jambo lililotufanya tulitafute jibu.

Baada ya kumaliza matanga ya mumewe, mama mmoja mjane alituletea karatasi aliyoikuta chini ya nguo katika sanduku la marehemu. Alitaka kujua kama itunzwe au ichomwe pamoja na makaratasi mengine. Ilikuwa hati ya hisa za benki, zilizonunuliwa mwaka 2008. Siku ile hatukuweza kumjibu. Tulisoma falsafa na teolojia kwa miaka mingi seminarini, lakini mbele ya karatasi ile tulikuwa kama mtoto wa darasa la kwanza. Tukamwomba mama aiweke, nasi tukaenda kumwona mzee mmoja wa parokia yetu, mwalimu mstaafu, ambaye watu husema kwa utani kwamba ana mashamba yasiyoota nyasi. Ameturuhusu kuyasimulia mawazo yake, ila jina lake ameomba libaki kwake.

Mzee huyu ni mtoto wa Umatengo, alikulia katika mashamba ya ngoro na kahawa. Alitukumbusha kwanza kwa nini hati ile ilikuwa ngeni kwetu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka sharti kwamba kiongozi wa TANU au wa Serikali asiwe na hisa katika kampuni yoyote, na katika hesabu ya viongozi waliingizwa hata watumishi wa ngazi ya kati. Nia ilikuwa njema: aliyepewa dhamana ya wengi asinenepe kwa jasho lao. Lakini neno lenyewe, hisa, likabaki na harufu ya unyonyaji masikioni mwa watu wa kawaida. Mwaka 1991, kule Zanzibar, chama tawala kililegeza masharti yale. Mwaka 1994 ikatungwa sheria ya masoko ya mitaji, na tarehe 15 Aprili 1998 Soko la Hisa la Dar es Salaam likaanza biashara na kampuni moja tu, ile ya gesi ya TOL. Kwa hiyo taifa lilitoka katika kukataza na kuingia katika kukaribisha kwa muda mfupi sana, na katikati yake hakuna aliyepita vijijini kufundisha.

Mwalimu alinunua hisa 1,000 za NMB mwaka 2008, kwa shilingi 600 kila moja. Mwaka uliofuata akanunua hisa 2,000 za CRDB kwa shilingi 150. Hizo za pili zilimtia aibu nyumbani. Mwaka 2019 bei yake ilishuka hata chini ya shilingi 100, na mama watoto akamwuliza kama hiyo ndiyo elimu aliyokuwa akiwafundisha watoto wa watu. Hakuuza. Mwaka 2024 hisa hizo zilipita shilingi 600, na zile za NMB zikapita 5,000. Anasema hakuwa na akili kuliko wenzake. Ni kwamba fedha ile hakuihitaji. Hapo ndipo anapokazia sana. Mkahawa hauzai mwaka unaoupanda, na aliyepanda kwa fedha ya ada ya mtoto ataung'oa kabla haujachanua.

Tusidhani kwamba kila aliyengoja alipata. Mwaka 2016 sheria ilizitaka kampuni za simu ziuze asilimia 25 ya hisa zake kwa umma. Vodacom ilipouza mwaka 2017 kwa shilingi 850, wananchi hawakufikia kununua zote, hata sheria ikabidi ibadilishwe ili wageni nao waruhusiwe. Walionunua kwa bei ile waliziona hisa zao zikikaa chini yake kwa miaka. Tena soko letu ni dogo. Kampuni zilizomo hazifiki 30, na kadhaa kati yake ni za Kenya. Hisa nyingine hupita siku nyingi bila kupata mnunuzi, hivyo mgonjwa akiwa hospitalini hati yako haigeuki fedha jioni ileile.

Tulipomwuliza anaitazamaje sera ya uchumi, alinyamaza kidogo, kisha akasema anachoogopa si kodi wala si mzungu mwenye mtaji. Anaogopa kanuni inayobadilika ukiwa njiani. Akatoa mfano wa hatifungani za Serikali, yaani mkopo ambao mwananchi anaipa Serikali na kulipwa riba kila nusu mwaka. Mwaka 2021 hatifungani ya miaka 25 ilikuwa na riba ya asilimia 15.95. Mwaka 2022 toleo jipya likashushwa hadi asilimia 12.56. Aliyekuwa amekwisha kununua hakuguswa, na hilo analisifu: mkataba uliheshimiwa.

Kwa mafao haikuwa hivyo. Mnakumbuka mwaka 2018, mifuko ya watumishi wa umma ilipounganishwa, wale waliotegemea kupokea nusu ya mafao yao kwa mkupuo wakaambiwa watapata robo. Kilio kikawa kikubwa, na mwezi Desemba mwaka uleule Rais Magufuli akasimamisha kikokotoo kile. Mwaka 2022 kikaja cha asilimia 33, na mwaka 2024 bajeti ikakipandisha hadi asilimia 40.

Hapa tulibishana naye. Mwalimu anaona mkupuo mdogo si mbaya, kwa sababu pensheni ya kila mwezi haiibiwi na wajanja, na amewazika wenzake waliomaliza mamilioni katika mwaka mmoja. Alitukumbusha upatu wa DECI uliovunjika mwaka 2009, ambao ulitumia lugha ya kupanda mbegu na kuvuna, lugha yetu wenyewe wahubiri, na watu wakaamini kwa sababu iliwajia kwa sauti ya kanisani. Hayo ni kweli na yanatuuma. Hata hivyo sisi tunaona kosa la mwaka 2018 halikuwa katika asilimia. Mtu aliyefundisha miaka 35 alipanga nyumba yake kwa ahadi aliyopewa; kumbadilishia akiwa mlangoni ni kumvunjia mkataba. Papa Leo XIII aliandika mwaka 1891 kwamba mfanyakazi anapaswa kuweza kuweka akiba katika mshahara wake na kupata mali yake mwenyewe. Akiba hiyo haiwezekani mahali ambapo kipimo chake hubadilika.

Mkulima naye analijua jambo hili. Mwaka 2017 mahindi yalizuiwa kuvuka mpaka wakati maghala ya Ruvuma yamejaa, bei ikaanguka, na mkulima ndiye aliyebeba hasara ya sera iliyokusudiwa kumlisha mwingine. Hakuna aliyemwuliza.

Neno moja la mwalimu lilitugeuza. Alisema: padre, waumini wako karibu wote wana hisa. Tukacheka. Akatuuliza ni nani hapa si mwanachama wa SACCOS au wa chama cha msingi cha korosho, kahawa au tumbaku. Kila mmoja wenu alilipa hisa alipojiunga. Kampuni iliyo sokoni hulazimika kutangaza hesabu zake, na mwenye hisa moja anaweza kusimama mkutanoni na kuuliza gawio limekwenda wapi. Je, ni lini tulisimama katika mkutano wa chama chetu cha msingi na kuomba kusomewa taarifa ya mkaguzi, badala ya kungoja soda na nauli? Swali hili tumelirudia nyumbani kwetu, kwa maana hata fedha za parokia zina wenyewe.

Sasa turudi kwa yule mama. Hisa zake ni halali na gawio la miaka kadhaa lilikuwa bado linamngoja. Njia ni ndefu, ila inapitika: kikao cha ukoo chenye muhtasari ulioandikwa, cheti cha kifo, kisha mahakama ya mwanzo imteue msimamizi wa mirathi, na hati zake zipelekwe kwa wakala wa soko la hisa. Shemeji zake walitaka msimamizi awe mmoja wao. Wanakamati wa haki na amani wa jumuiya yake walikwenda kukaa naye kikaoni, na ukoo ukakubali awe yeye.

Tunawaomba wenyeviti mtakaporudi mpite katika nyumba zenye wajane na yatima mkaulize juu ya makaratasi ya namna hiyo, ya hisa, ya vipande vya mfuko wa UTT, na ya SACCOS. Mwalimu amekubali kukaa katika ukumbi wa parokia kila Jumapili baada ya Misa ya pili ili kuyasoma pamoja nanyi. Miwani yake anayo. Ninyi leteni makaratasi.