Desa Lisilosomeka

Saa tatu usiku, simu zinalia mfululizo mabwenini. Desa la kesho, yaani maandishi ya somo, limeingia kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Wanafunzi wengi wameshaanza kusoma. Mwanafunzi asiyeona anavaa spika za masikioni, anafungua faili, anasubiri. Kimya. Kurasa thelathini, na kompyuta haijatamka hata neno moja.

Kompyuta yake ni nzima. Ina NVDA, programu inayosoma kwa sauti maandishi ya kwenye skrini. Michael Curran wa Australia aliianzisha mwaka 2006, kisha akaungana na James Teh. Wote wawili hawaoni, na wakaamua itolewe bure. Tatizo ni desa lenyewe. Mhadhiri aliliandika kwenye kompyuta, akalichapa, likaenda steshenari kutolewa kopi, kopi ikapigwa picha kwa simu, na picha ndiyo iliyotumwa. Zipo njia za kuchomoa maandishi kwenye picha, lakini ukurasa uliofifia na kupinda huzaa maneno yasiyoeleweka. Faili la kwanza kabisa, lile lililobaki kwenye kompyuta ya mhadhiri, lingesomeka lote. Kulituma hakuhitaji bajeti wala kikao.

Yapo mahitaji yenye gharama, na hayakwepeki. Kiti mwendo hakipandi ngazi. Mwanafunzi kiziwi anamhitaji mkalimani wa lugha ya alama kwenye kila kipindi, mpaka kwenye majadiliano ya vikundi, ambako sehemu kubwa ya masomo ya chuo hufanyika.

Kwa upande wa vitabu, sheria za kimataifa zimeshafungua mlango. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 2020, unalenga kuruhusu kitabu kigeuzwe kuwa nukta nundu, sauti au maandishi makubwa kwa ajili ya wasioweza kusoma chapa ya kawaida, bila kumwomba ruhusa mwenye hakimiliki.

Na kazi je? Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi aajiri watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Penye wafanyakazi 100, ni watatu. Lakini sheria hiyo inasema wawe wenye sifa, na sifa hizo hupatikana chuoni. Aliyekosa desa muhula baada ya muhula atafika kwenye usaili akiwa na alama pungufu, na mwajiri atasema alitafuta akakosa.

Wanaovuka vikwazo hivi huonyesha kinachopotea. Abdallah Possi, mwanasheria mwenye ualbino, alikuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dodoma kabla ya kuteuliwa naibu waziri mwaka 2015, na baadaye akawa balozi wa Tanzania nchini Ujerumani. Ualbino kwa kawaida huja na uoni hafifu. Kwa wengi wenye hali hiyo, karatasi ya mtihani yenye herufi kubwa huamua kama swali litasomeka au litakisiwa.

Sasa chukua matangazo ya kazi yanayosambaa mitandaoni wiki hii. Mengi ni bango zuri, lenye nembo, rangi na tarehe ya mwisho, na lote ni picha. Yule mwanafunzi asiyeona, sasa mhitimu, anavaa tena spika zake, anafungua, anasubiri. Mistari mitano tu ya maandishi chini ya bango hilo, yenye jina la nafasi, sifa na anwani, ingetosha kumwezesha kutuma maombi usiku huohuo.