Maji Maangavu Yaweza Kuwa na Sumu
Maongezi ya Bwana Afya kwa wanakijiji



Leo tuzungumze juu ya sumu isiyoonekana. Jina lake ni aseniki. Aseniki imo katika mawe, hasa mawe yenye dhahabu. Ikiingia majini haina rangi, wala harufu, wala ladha. Ukiinywa miaka mingi, yaweza kuleta saratani ya mapafu.

Mtu atauliza: maji yanakwenda tumboni, mapafu yanahusika vipi? Sumu hiyo ikifika tumboni huingia kwenye damu. Damu nayo huipeleka mpaka kwenye mapafu.

Tuchukue mfano wa mji wa Antofagasta, nchi ya Chile, Amerika ya Kusini. Mwaka 1958 mji huo ulianza kutumia maji ya mto kutoka milimani. Kumbe yalikuwa na aseniki zaidi ya mara 80 ya kiwango cha leo cha Shirika la Afya Duniani. Kiwango hicho ni mikrogramu 10 kwa lita. Mwaka 1970 mtambo wa kuondoa sumu ulianza kazi. Lakini miaka zaidi ya 20 baadaye, watu walikuwa bado wanakufa kwa saratani ya mapafu. Wengine walikunywa maji hayo wakiwa watoto tu.

Jambo hili si la mbali. Hapa Tanzania, mikoa ya Geita na Mara, baadhi ya visima vilipimwa vikakutwa na aseniki kupita kiwango.

Sasa tufanye nini?

Kwanza, kuchemsha maji ni vizuri, kunaua vijidudu. Lakini aseniki haiondoki kwa moto. Maji yakipungua sufuriani, sumu inabaki palepale.

Pili, serikali ya kijiji iwaombe RUWASA wilayani wapime kisima. Waambieni wazi: tunataka kujua kama kina aseniki. Kikiwa kibaya, tutafute maji mengine ya kunywa na kupikia.

Tatu, wachimbaji, vumbi la mawe nalo huharibu mapafu. Lowesheni mawe kabla ya kuponda. Msirudi nyumbani na nguo za vumbi.

Nne, acheni sigara. Sigara na aseniki zikikutana, hatari huzidi sana.

Tano, ukikohoa wiki mbili au zaidi, nenda zahanati.

Mtoto anayekunywa sumu leo, ugonjwa waweza kumtokea akiwa na miaka 40. Basi tusingoje mgonjwa ndipo tupime kisima.

Nani ana swali?