Shubiri Mwitu: Si Kila Utomvu ni wa Kupaka

Katika nyika kavu za Singida, kiangazi kinapokausha nyasi, shubiri mwitu hubaki na majani manene yaliyojaa maji. Pembeni yana miiba. Aina moja iliyoenea Afrika Mashariki, Aloe secundiflora, huchanua maua mekundu yanayoelekea upande mmoja wa tawi.

Wengi huitumia kwa ngozi iliyobabuka kwa jua, michubuko na vidonda vidogo. Lakini ndani ya jani moja mna vitu viwili. Ukilikata, kwanza hutiririka utomvu wa manjano, mchungu kupindukia. Huo huwasha ngozi, na ukinywewa huharisha vibaya. Ute mwororo usio na rangi uko katikati, na ndio unaotuliza ngozi. Kwa hiyo jani lisimamishwe, utomvu uchuruzike wote, lioshwe kwa maji safi, kisha limenywe. Ute upakwe kidogo kwanza kwenye mkono, na mtu asubiri siku nzima: akiwashwa, aachane nao.

Aliyeungua moto apozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20 kabla ya kupakwa chochote. Mapunye ya kichwani kwa watoto huhitaji dawa ya kumeza kutoka kituo cha afya, hata shubiri iwe bora namna gani.

Mmea huu unalindwa na mkataba wa kimataifa wa CITES. Wasikilizaji, kateni jani moja la chini, msing'oe shina.