Fyuzi ni Mlinzi wa Waya: Soma Namba Yake

(Mazungumzo ya mafundi wa gereji mbele ya wanakisomo)



Leo sisi mafundi tumepewa nafasi ya kuzungumza nanyi juu ya umeme wa gari. Labda wengine mnajiuliza moyoni: "Mimi sina gari. Mambo ya nyaya yananihusu nini?" Yanakuhusu, ndugu. Gari linalobeba mahindi yetu kwenda mnadani ndilo hilo hilo tunaloliomba usiku, mama anaposhikwa na uchungu wa kuzaa. Gari hilo likizimika taa njiani, ni hatari. Likishika moto na watu wamo ndani, ni msiba. Basi tusikilizane.

Magari mengi ya zamani bado yanatembea vijijini. Nyaya zake zimechakaa. Mpira wa nje umekauka na kupasuka. Ndiyo maana mwenye gari huja gereji na kusema, "Fundi, nifungie nyaya mpya zote." Hapo ndipo tunapokuta kitu kidogo karibu na betri, ambacho wengi hawakijui. Ni fyuzi ya waya. Mafundi wengine huiita fyuzi linki.

Fyuzi ya waya ni nini? Ni kipande kifupi cha waya, chembamba kuliko waya mkubwa unaofuata. Kimevikwa ganda lisiloshika moto upesi. Magari mengi ya Toyota na ya Marekani ya miaka ya 1970 na 1980 yalitengenezwa na vipande hivyo. Kazi yake ni moja. Umeme ukipita kwa wingi kuliko kiasi, kipande hiki chembamba hupata moto kwanza, kikayeyuka ndani na kukatika. Umeme unakoma. Waya mkubwa unapona, na gari linapona.

Kwa nini umeme upite kuliko kiasi? Kwa sababu ya shoti. Waya uliochubuka ukigusa bodi ya gari, umeme wa betri hukimbia moja kwa moja bila kufanya kazi yoyote. Msidharau betri kwa kuwa ni ya volti 12 tu na haikurushi ukiishika. Betri hiyo hiyo ndiyo inayozungusha injini nzima asubuhi. Ikipigwa shoti, waya huwa mwekundu kama kaa la moto kwa muda mfupi sana. Mpira wake unawaka. Na karibu yake kuna mafuta.

Je, kama fyuzi ya waya inafanya kazi nzuri, kwa nini tuibadilishe? Zipo sababu tatu.

Kwanza, ikikatika huwezi kuona kwa urahisi. Ganda la nje linaweza kubaki zima huku waya wa ndani umeyeyuka. Ukiivuta kidogo, inanyooka kama mpira. Hapo ujue imekwisha. Lakini dereva aliye porini usiku hajui hayo.

Pili, mara nyingi haina namba ya kusoma. Huwezi kujua inabeba umeme kiasi gani.

Tatu, kipande cha kubadilisha hakipatikani kwa urahisi. Kwa hiyo mtu huchukua waya wowote aliouona, akaunga. Gari likawaka, watu wakafurahi. Lakini mlinzi ameondolewa! Waya wa kawaida haukutengenezwa ukatike salama. Shoti ikitokea, mpira wake unashika moto.

Fyuzi za siku hizi zimeandikwa namba. Nyingi zina dirisha dogo, unaona kama utepe wa ndani umekatika. Dereva akiwa na ya akiba, huibadilisha kwa muda mfupi. Kwa hiyo nyaya zinapofungwa upya, ndio wakati mzuri wa kuziondoa zile za zamani na kuweka za kisasa.

Sasa tuje kwenye hesabu. Msiogope. Ni hesabu mliyojifunza ya kugawanya.

Umeme unaopita katika waya hupimwa kwa ampea. Fikirini maji katika mfereji. Mfereji mdogo hupitisha maji machache. Ukilazimisha mengi, kingo zinabomoka. Waya nao ni hivyo hivyo. Mwembamba hubeba ampea chache, mnene hubeba nyingi.

Kila taa imeandikwa wati zake. Chukua wati, gawanya kwa volti, utapata ampea. Taa kubwa mbili za mbele zikiwa na wati 60 kila moja, jumla ni wati 120. Betri ni volti 12. Basi 120 gawanya kwa 12 ni ampea 10. Kwa lori la volti 24, gawanya kwa 24.

Je, tuweke fyuzi ya ampea 10? Hapana. Fyuzi isifanye kazi mpaka mwisho wa nguvu zake siku zote. Tena injini inapozunguka, umeme huongezeka kidogo. Sisi tunafuata kipimo hiki: mzigo usizidi robo tatu ya namba ya fyuzi. Kwa taa zile za ampea 10 tunaweka fyuzi ya 15. Vyombo vya gari vikijumlishwa vikawa ampea 30, tunaweka fyuzi kubwa ya 40. Alternata ikiandikwa ampea 55, waya wake tunauwekea fyuzi ya 80.

Lakini hesabu haijaisha. Shikeni sana neno hili: fyuzi hailindi taa, inalinda waya. Kwa hiyo lazima waya uweze kubeba ampea nyingi kuliko namba ya fyuzi. Fyuzi ikiwa ya 40 na waya unaweza kubeba 20 tu, waya utaungua huku fyuzi imekaa salama. Hapo tumeweka mlinzi anayelala. Ikiwa waya ni mwembamba, weka waya mnene kwanza, halafu fyuzi.

Tena, aina ya fyuzi ina maana yake. Fyuzi ya waya ya zamani haikatiki haraka umeme unapopanda kidogo na kushuka mara moja. Mahali pake panafaa fyuzi kubwa ya kisasa yenye subira kama hiyo: zile za kufungwa kwa bolti, au zile za kisanduku. Fyuzi ndogo za miguu miwili za taa na honi hazifai kwa waya mkuu wa betri.

Sasa sikilizeni jambo linalotuhusu sisi tuliojifunza kusoma. Watu wengi huchagua fyuzi kwa rangi. Hiyo ni hatari. Katika fyuzi ndogo za miguu miwili, nyekundu ni ampea 10 na kijani ni 30. Katika fyuzi za kisanduku za magari ya Kijapani, nyekundu ni 50 na kijani ni 40. Rangi ile ile, namba tofauti! Anayeangalia rangi tu anaweza kukosea vibaya. Anayesoma namba hakosei. Kisomo chetu si cha barua na risiti peke yake. Namba mbili juu ya kidude kidogo zinaweza kuokoa roho za watu.

Kazi yenyewe tunaifanya hivi:

1. Zima kila kitu. Fungua betri, ukianza na waya unaokwenda kwenye bodi. Kwa magari mengi huo ni waya wa hasi. Ukianza na ule mwingine, spana ikagusa bodi, umepiga shoti kwa mkono wako.

2. Hesabu fyuzi zote za waya za zamani. Andika kila moja inalinda nini. Usitegemee kichwa, tumia karatasi.

3. Ondoa zote. Usiache ya zamani imefichwa ndani ya tepu mbele ya fyuzi mpya. Siku itakapokatika, utahangaika kuitafuta.

4. Kila iliyoondolewa iwekewe fyuzi yake. Usiziunganishe zote katika fyuzi moja kwa kubana matumizi. Ikikatika moja hiyo, gari zima linakuwa giza, nanyi mko kwenye kona ya mlima.

5. Weka fyuzi karibu na betri, kiasi cha shubiri moja hivi. Kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi. Kiwe kifupi.

6. Tumia kisanduku chenye kifuniko, maji na vumbi visiingie. Kaza bolti vizuri. Bolti iliyolegea hupata moto hata bila shoti.

7. Waya unapopita katika tundu la bati, weka mpira, bati lisiukate.

8. Waya wa bodi uwe wa mwisho kurudishwa kwenye betri.

Ule waya mnene sana wa starta kwa kawaida hauwekewi fyuzi hizi, kwa sababu starta hunywa ampea nyingi mno. Huo ulindwe kwa kufungwa vizuri, mbali na mahali pa moto na pa kusuguana.

Tuseme sasa fyuzi mpya imekatika njiani. Nini kifanyike? Tafuta sababu kwanza. Angalia waya uliochubuka, angalia maji. Halafu weka fyuzi yenye namba ile ile. Ikikatika tena, usiweke kubwa zaidi. Usifunge waya, wala msumari, wala karatasi ya sigara. Fyuzi inayokatika inakuambia, "Kuna ugonjwa hapa." Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

Ndugu zetu, si lazima kila mmoja awe fundi. Lakini kila mmoja anaweza kuuliza. Kama gari ni lenu au la kijiji, mwulizeni fundi maswali matatu kabla ya kumlipa. Fyuzi kubwa ziko wapi? Zimeandikwa namba gani? Kila waya unaweza kubeba ampea ngapi? Fundi mwema atajibu bila kukasirika. Kisha andikeni majibu hayo kwenye karatasi, muiweke ndani ya gari pamoja na fyuzi mbili za akiba za kila namba. Dereva asiyejua kusoma asaidiwe na anayejua.

Fyuzi bei yake ni ndogo. Gari bei yake ni kubwa. Na watu waliomo ndani ya gari hawana bei.

 Sasa tunangoja maswali yenu.