Damu Baada ya Hedhi Kukoma: Mazungumzo na Akina Mama wa Matombo

 

Jambo lililotuleta ni la faragha, nasi tutalisema waziwazi, kwa kuwa kulinong'ona kumekwisha kuwaponza wengi. Ni habari ya damu inayomtoka mama aliyekoma hedhi, hasa mama anayetumia dawa za homoni. Hapa Matombo, ambapo hata vilima vilipewa jina la maziwa ya mama kwa Kiluguru, tunatumaini hakuna atakayeona haya kusikia mwili wa mwanamke ukitajwa mbele ya hadhara.

Binti anapovunja ungo, ukoo mzima hujua. Huwekwa ndani, hufundwa na watu wazima, hutolewa kwa ngoma. Damu hiyohiyo inapokoma, miaka 35 hivi baadaye, hakuna kungwi wala ngoma, na hakuna anayemwambia mama ni lipi la kawaida na ni lipi la kutisha. Ndiyo maana damu ikirudi ghafla, mmoja husema ujana umemrudia, mwingine hushuku kijicho cha watu, na wa tatu hufua kitambaa chake usiku na kunyamaza. Wote watatu hupoteza muda, na katika jambo hili muda ndio wenye thamani.

Tuanze na hesabu. Hedhi huhesabiwa kuwa imekoma pale mama anapotimiza miezi 12 mfululizo bila kuiona. Wengi hufika hapo kati ya umri wa miaka 45 na 55. Kabla ya miezi hiyo kutimia, hedhi kuruka miezi na kurudi ni jambo la kawaida. Ikishatimia, damu yoyote kwa mama asiyetumia dawa, hata doa moja la rangi ya kahawa kwenye nguo, haihesabiwi kuwa hedhi iliyorudi. Ni dalili, na dalili hutafutiwa chanzo chake.

Kwa mama anayetumia dawa za homoni mambo huchanganyika, kwa sababu dawa hizo zenyewe zaweza kuleta damu. Hutumika kutuliza joto la ghafla mwilini, jasho la usiku, kukosa usingizi na ukavu ukeni, yaani mateso yanayowapata baadhi ya akina mama ovari zinapopunguza kutengeneza homoni. Tunajua kwamba si wengi hapa wanaozitumia. Mara nyingi hutumwa na mtoto aliye Dar es Salaam, au ndugu aliye ng'ambo, au huandikiwa mama aliyetolewa kizazi na ovari kwa upasuaji. Uchache huo nao ni tatizo: mama hana jirani wa kumwuliza, na karatasi ya maelezo iliyomo ndani ya pakiti haikuandikwa kwa lugha yake.

Basi tuifungue pakiti hiyo. Homoni zinazohusika ni mbili. Ya kwanza ni estrojeni, ambayo ndiyo hutuliza joto na jasho. Ya pili ni ya jamii ya projesteroni. Ninyi wakulima mtaelewa upesi tukisema kwamba estrojeni ni kama mvua: huotesha utando wa ndani wa mfuko wa uzazi. Projesteroni ni palizi: huuzuia utando huo usisongamane. Shamba likipata mvua mwaka mzima bila palizi, mnajua linavyokuwa. Mfuko wa uzazi ukipata estrojeni peke yake kwa muda mrefu, utando wake hunenepa, na kwa baadhi ya akina mama hatimaye hugeuka saratani. Hili halikujulikana kwa nadharia tu. Huko Marekani estrojeni peke yake iliuzwa kwa wingi katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, hadi uchunguzi uliochapishwa mwaka 1975 ulipoonyesha kwamba waliokuwa wakiitumia walipata saratani ya mfuko wa uzazi zaidi ya wenzao. Tangu hapo mama mwenye kizazi chake hupewa homoni zote mbili, na estrojeni ya peke yake huwekwa kwa yule aliyetolewa kizazi.

Kwa hiyo swali la kwanza ambalo kila mtumiaji hana budi kuliuliza ni hili: je, nina kizazi, na je, dawa yangu ina homoni ngapi? Mama mwenye kizazi akiona kwamba kidonge chake kina estrojeni tupu, asingoje damu. Amrudie aliyemwandikia. Na pale ambapo hakuna aliyemwandikia, bali mtu alimgawia tu kwa wema, hiyo ni sababu kubwa zaidi ya kwenda kwa daktari.

Dawa zenye homoni mbili nazo zina mitindo miwili. Katika mtindo wa kwanza, estrojeni huliwa kila siku, na projesteroni huongezwa kwa siku 10 hadi 14 za kila mwezi. Mama wa mtindo huu hutarajiwa kuona damu mara moja kwa mwezi, karibu na mwisho wa siku hizo. Hiyo si ajali. Linalohitaji kuangaliwa ni damu inayokuja nje ya wakati wake, au inayozidi kuwa nyingi kadiri miezi inavyokwenda. Katika mtindo wa pili, homoni zote mbili huliwa kila siku bila kupumzika. Hapa lengo ni kutoona damu kabisa, lakini madoadoa yasiyo na ratiba ni ya kawaida katika miezi 3 hadi 6 ya mwanzo, hali mwili unapozoea. Yanapaswa kupungua, kisha kuisha.

Tuchukue mfano, wa kubuni. Mwalimu mstaafu wa miaka 57, aliyekoma hedhi miaka 5 iliyopita, alipimwa na daktari mjini akaandikiwa vidonge vya mtindo huu wa pili. Mwezi wa pili anaona madoa machache. Anayaandika tarehe, anaendelea na dawa, anamweleza daktari siku ya marudio. Mwezi wa tano damu imekoma, anasahau. Mwezi wa 14, bila kuruka kidonge hata kimoja, damu inarudi. Hapo mwalimu wetu haambiwi "ni dawa tu". Damu inayoendelea baada ya miezi 6, na damu inayoanza upya baada ya kimya, ni lazima ichunguzwe. Vivyo hivyo damu nyingi, yenye mabonge, hata ikiwa ni mwezi wa kwanza. Na ikilowanisha pedi nzima kwa saa moja, au mama akisikia kizunguzungu na mapigo ya moyo kwenda mbio, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo. Hapo hatungoji basi la kesho.

Wapo watakaouliza: kama sababu ni dawa, si niiache tu? Tunawasihi msifanye hivyo peke yenu, wala msiongeze vidonge ili kuizuia damu. Kuacha ghafla kwaweza kuleta damu nyingine na kumchanganya daktari. Kuna pia sababu nyepesi zinazofaa kufikiriwa kwanza: kidonge kilichosahaulika siku mbili tatu, kuhara kulikokizuia kisifanye kazi, au dawa nyingine inayoipunguza nguvu homoni mwilini. Rifampisini ya kifua kikuu ni mojawapo, na baadhi ya dawa za kifafa pia. Mama anayetumia dawa za miti shamba naye aseme. Daktari hatakiwi kumgombeza, na akimgombeza, kosa ni la daktari.

Lakini twende kwenye linalotuhangaisha zaidi. Hatari ya mama wa Matombo kwa kiasi kikubwa haimo katika pakiti. Imo katika kuilaumu pakiti na kuishia hapo. Damu ile yaweza kutoka katika kinyama kilichoota ndani ya kizazi, katika ukavu wa uke, katika uvimbe, au katika njia ya mkojo ikadhaniwa ya uzazi. Na yaweza kutoka katika mlango wa kizazi, ambako saratani yake ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na wengi hufika hospitali ikiwa imekwisha kusambaa. Saratani hiyo haijali kama mama anatumia homoni au hatumii. Binti zetu wa miaka 14 walianza kuchanjwa dhidi ya kirusi kinachoisababisha mwaka 2018. Mama zao na bibi zao hawakuipata chanjo hiyo.

Hapa pana kosa ambalo lingeweza kumpata hata mama makini. Vituo vyetu hutumia kipimo cha siki kuangalia mlango wa kizazi, nacho huhimizwa kwa wanawake wa miaka 30 hadi 50. Ni kipimo kizuri kwa mama asiye na dalili. Hata hivyo, hedhi ikishakoma, sehemu inayopaswa kuonekana kwa kipimo hicho mara nyingi hujificha ndani zaidi, na majibu hayaaminiki kama ilivyokuwa zamani. Kwa hiyo mama wa miaka 60 anayetoka damu asiambiwe kwamba umri wake umepita, na akipimwa kwa siki akaambiwa yu salama, aulize kwa adabu: na damu hii chanzo chake ni nini? Ana haki ya kupewa rufaa.

Huko kwenye rufaa, kwa wengi wenu Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Morogoro, kinachofanyika kinaelezeka. Daktari ataangalia uke na mlango wa kizazi kwa macho. Kipimo cha ultrasaundi kitapima unene wa utando wa ndani. Ukiwa mnene, au damu ikiendelea, huchukuliwa kinyama kidogo kwenda maabara. Huuma kwa dakika chache, hatutaficha. Mama anaweza kuomba dawa ya maumivu mapema. Ikigundulika saratani, Taasisi ya Saratani Ocean Road iko Dar es Salaam. Tuseme na upande wa faraja: katika uchunguzi uliokusanywa kutoka nchi mbalimbali, kati ya wanawake 100 wanaotoka damu baada ya hedhi kukoma, wapatao 9 ndio hukutwa na saratani ya mfuko wa uzazi, na miongoni mwa wanaotumia homoni idadi huwa ndogo kuliko hiyo. Walio wengi hurudi nyumbani na sababu ndogo inayotibika. Na wale wachache wakiwahi, nafasi yao ya kupona ni kubwa.

Mama aliyewahi kutibiwa saratani ya titi na anayetumia tamoksifeni, maneno haya ni yake pia. Dawa hiyo ni muhimu na asiiache, lakini yaweza kuunenepesha utando wa kizazi, hivyo doa lolote la damu alipeleke kwa daktari wake bila kuhesabu miezi.

Sasa upande wa ununuzi, ambao ndio kazi yetu ya kila siku. Dawa za homoni hutolewa kwa cheti cha daktari. Duka la dawa muhimu la kijijini limeruhusiwa kuuza dawa za orodha yake tu, kwa hiyo mwuzaji akikuelekeza famasia ya mjini usimkasirikie, anakulinda. Usinunue vidonge vilivyotolewa katika pakiti na kufungwa kwenye karatasi, maana hapo huna jina, huna namba ya toleo, huna tarehe ya kwisha matumizi. Vidonge vya uzazi wa mpango si badala ya dawa hizi: vingi vina homoni yenye nguvu zaidi, na mama mwenye umri mkubwa au shinikizo la damu vyaweza kumdhuru. Na mtu asikuuzie homoni "za kukata damu" kabla chanzo cha damu hiyo hakijajulikana. Damu isiyojulikana chanzo chake ni sababu ya kutoanza homoni.

Ukiona madhara unayoyashuku kuwa ya dawa, mwambie mhudumu wa afya ayaripoti kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Taarifa moja kutoka Matombo ina uzito uleule wa taarifa kutoka Dar es Salaam.

Tunafahamu kwamba kushuka Morogoro ni nauli, ni siku nzima, na wakati wa masika ni barabara yenye utelezi. Kwa hiyo safari isiwe bure. Chukua pakiti yenyewe, hata kama ni tupu, pamoja na dawa nyingine zote unazotumia. Chukua daftari lenye tarehe uliyoanza dawa, tarehe za damu, na wingi wake: doa, pedi moja, au zaidi. Wazee wa miaka 60 na kuendelea waulize dirishani kuhusu msamaha wa matibabu kabla ya kulipa. Na ninyi akina baba, mke akisema ana safari ya hospitali, mpeni nauli kwanza. Maelezo atawapa akiwa tayari.

Sasa tupokee maswali. Mwenye pakiti yake hapa, ailete mezani tuisome pamoja. Asiyependa kusikika mbele za watu, wenzetu wawili wa kike watakuwa chini ya mwembe ule hadi saa nane.